Nta kwenye Kichwa cha Kambale

Babu yao alikuwa na bunduki kabla hajawa na mimi, na mara nyingine nilimtania kwamba aliioa ile kwanza. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya risasi za marisau, zile zinazotawanya punje ndogo za duara kwa mlio mmoja. Kibali chake kilikuwepo, kimefungwa kwenye nailoni, kinalala sandukuni pamoja na cheti chetu cha ndoa ya kanisani. Lakini kibali kilikuwa cha bunduki. Cha kujaza risasi nyumbani hatukuwa nacho, na sidhani kama kuna mtu anakitoa. Ndiyo maana kila alipotandika gunia mezani mimi nilikwenda kufunga mlango, hata kama joto la kijiji chetu cha Michenga siku hiyo lilikuwa la kumtoa mtu nje.

Kazi hiyo aliijulia ujanani, alipokuwa akiwabebea mizigo wawindaji wageni humu bondeni. Wenzake wa wakati ule nawakumbuka wote, majina yao na ya baba zao, nani alitoka Idete na nani alishuka kutoka Mahenge. Sitawataja, watoto wao wapo. Mmoja tu nitasema habari zake. Siku moja bunduki ilimtolea mlio mdogo, akadhani risasi imeharibika tu, akaweka nyingine. Mtutu ukapasuka mikononi mwake. Mimi nilimjua akiwa tayari na jicho moja, na mkono wa kushoto umebaki na gumba na kidole cha shahada. Akija kwetu kunywa uji alilishika bakuli kwa vidole hivyo viwili, kama kaa, na mimi nilikuwa najifanya nachochea kuni ili nisitazame.

Basi macho ya babu yao yalipoanza kuingia ukungu, kazi ya kufunga midomo ya risasi ikawa yangu. Ganda lake ni la plastiki, na likishapigwa mara moja mdomo unabaki wazi lakini mikunjo ya zamani inaonekana. Yeye alijaza baruti, akaweka kizibo, akaweka marisau, kisha akanisogezea. Mimi nilirudisha ile mikunjo ndani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikutane katikati kama kitako cha kikapu. Nimesuka mikeka na vikapu tangu nikiwa binti, kwa hiyo vidole vilielewa upesi. Moyo ndio haukuelewa. Kila nilipokandamiza nilikunja uso na kugeuza kichwa pembeni, na yeye asiyeona vizuri aliliona hilo.

"Bibi yao, unafunga risasi au unachinja kuku?"

Halafu alipapasa kazi yangu kwa gumba. Alikuwa akinieleza kila mara, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusali. Mdomo ukilegea, baruti haipati cha kusukuma, inaungua kivivu, na kizibo kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaupasua. Ukibanwa kupita kiasi, nguvu inatafuta pengine pa kutokea, na aliye karibu ni mpigaji. Mwisho alidondoshea nta ya nyuki pale katikati, unyevu usiingie. Mimi niliitikia huku jasho linanitoka viganjani, na nilipomaliza nilinawa mara mbili kabla ya kugusa unga.

Mwaka ule masika yaligoma kuondoka. Kila kitu kiliota ukungu, mikanda, viatu, hata misalaba ukutani. Mpunga ulikuwa umeanza kupiga njano, na mahindi yetu ya kule chini ya kilima yalikuwa yamekomaa, nyani wanashuka mchana kweupe. Wanakaa kwenye kichuguu wanakutazama, wanavunja hindi, wanang'ata mara moja, wanatupa, wanavunja jingine. Babu yao alikuwa anapanda dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, asubuhi baada ya chai na kukaa huko na bunduki yake mpaka jua liegemee. Simu aliiacha nyumbani. Alisema ikiita nyani wanajua mtu yuko.

Siku ninayoisema aliondoka kama kawaida, koti limeinamia upande mmoja kwa uzito wa risasi. Nami nikaenda jikoni kushusha kambale kwenye kichanja, maana juu ya mafiga ndiko tunakokausha samaki. Nikamweka wa kwanza kwenye sinia. Kichwani alikuwa na tone la njano, limeganda. Nikafikiri ni mafuta yake. Nikalikwangua kwa ukucha, nikanusa. Lilinukia asali.

Nikatazama juu. Nyuma ya samaki kulikuwa na kopo kuukuu la maziwa, limetoboka chini kwa kutu, ambalo mimi sikuliweka. Nikalishusha. Ndani hamkuwa na risasi hata moja, ila pembeni nta ilikuwa imetiririka na kuganda, na nilipoliinamisha marisau yakabingirika, punje kwa punje.

Hapo nilikaa chini kwenye majivu. Nilielewa yote bila kuambiwa. Alikuwa ameogopa unyevu, akazipandisha risasi mahali pakavu kuliko pote nyumbani, kama ambavyo sisi sote huku tunapandisha mbegu, chumvi na kiberiti. Moto wa kila siku ukayeyusha nta, ukalainisha plastiki, na midomo niliyoifunga ikaachia. Alipozitoa asubuhi alizipapasa haraka au hakuzipapasa kabisa. Na sasa zilikuwa mfukoni mwake.

Nikachukua simu yangu nikapiga. Yake ikaita chumbani, chini ya mto.

Sikumbuki kama nilifunga mlango. Kutoka nyumbani mpaka dungu lile si mbali kwa mwenye magoti, lakini yangu yalikuwa yamekwisha, na njia inapita juu ya kingo za majaruba ya mpunga, ukiteleza unaingia kwenye maji hadi mapajani. Nilikwenda kitenge nimekikunja mkononi, kandambili nimezivua. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pamoja, Mungu atanisamehe. Njiani walikuwepo wanawake wanaofukuza ndege, kila mmoja na debe lake, na wote walinisalimia, na sikumjibu hata mmoja. Baadaye waliniambia walidhani kuna msiba.

Nilipofika kwenye mfereji nikausikia mlio. Nimeishi na bunduki ile miaka mingi, nauvumilia mlio wake kama mtu anavyovumilia mume mkorofi, na naujua. Ule haukuwa wenyewe. Ulikuwa kama gunia la mpunga limeangushwa sakafuni. Pu. Halafu kimya, halafu nyani wakabweka, na kubweka kwao hakukwenda mbali. Hawakuwa wamekimbia.

Nilisimama nikaona lile bakuli la uji na vile vidole viwili, wazi kabisa, ila mkono ulikuwa wa babu yao. Nilijua anafanya nini wakati ule. Anatoa ganda, analitupa, anatia mkono kifuani mwa lile koti kuukuu, mfuko wa ndani, anatafuta risasi nyingine. Mikono yake ni mizito. Na nyani wamekaa pale wanamngoja, naye anawangoja wasogee. Huo ndio muda niliokuwa nao.

Kuita kusingesaidia. Sikio lake la kulia lilishauliwa na bunduki, na la kushoto linachagua.

Kwenye jaruba la mpakani alikuwepo jirani yetu, mama wa Kisukuma. Ng'ombe wao waliwahi kuingia kwenye mpunga wetu, na tangu hapo salamu zetu zilikuwa za nusu mdomo. Alikuwa na debe lake na fimbo. Nikamfikia nimeshika kifua.

"Shikamoo bibi. Una nini?"

"Piga debe," nikamwambia. "Piga la kuita watu. Usiache."

Huku kwetu debe la ndege linapigwa kwa kukatakata, unapiga, unapumzika, unarusha udongo, unapiga tena. Likipigwa bila kupumzika maana yake mtu kazama, au mamba, au nyoka, na kila anayelisikia analipokea na lake halafu anaacha kazi na kwenda. Halichezewi. Mwenye kulipiga bila sababu anasemwa msimu mzima. Yule mama alinitazama usoni mara moja tu. Hakuuliza mamba yuko wapi. Akalipiga kama analichukia.

Wa pili akapokea, kisha wa tatu, kisha bonde zima likawa debe. Ndege waliinuka wote kwa pamoja, anga ikawa nyeusi. Kelele ile ilipanda mpaka chini ya kilima, na pale penye ukingo wa shamba nikaona mahindi yanatikisika kwa mstari mrefu kuelekea msituni. Nyani walikuwa wanaondoka. Nami nikaendelea kutembea, nimeziba masikio, nangoja mlio wa pili. Sikuweza kuacha kuungoja. Hata nilipoliona dungu, hata nilipouona mguu wake unatafuta ngazi, bado nilikuwa nangoja.

Alishuka amenuna, bunduki mkononi.

"Nani kawafukuza nyani wangu? Nilikuwa nimemweka mkubwa wao hapa, kwenye jicho."

"Umeshatia risasi?"

"Nimetia. Wewe umetoka wapi na matope hayo?"

"Itoe."

"Bibi yao..."

"Itoe, baba. Nakuomba itoe."

Sikuwa nimemwita baba tangu siku ya mahari. Akaitoa. Risasi ilipotoka mdomo wake ulikuwa wazi kama ua, na marisau yakamwagika kwenye majani. Akapapasa lile ganda kwa gumba, muda mrefu.

Watu walikuwa wameanza kufika na mapanga na kamba. Wakauliza mamba yuko wapi. Babu yao akasema mamba ni bibi yenu huyu, amenishusha juu ya dungu. Wakacheka, wengine wakakasirika, wakarudi wakinung'unika kazi zao zimeharibika bure. Yule mama wa Kisukuma hakucheka. Alibaki na debe lake kwapani.

Babu yao akakata ufito, akauingiza kwenye mtutu taratibu. Ulishuka, halafu ukagoma. Akasukuma, ukagoma. Akaubana kwa kucha pale ulipoishia kwenye mdomo wa mtutu, akauchomoa, akaulaza juu ya bunduki kwa nje aone kizibo kimekwama wapi. Ncha ya ufito ilifika palepale anaposhikia kwa mkono wa kushoto. Mbao pale imechakaa ikawa na alama ya kiganja chake. Akauweka mkono juu ya alama ile, akautoa, akautazama ingawa haoni vizuri.

"Wewe ulifunga sawasawa," akasema. "Ni mimi niliyezipeleka jikoni."

Niliogopa zaidi wakati huo kuliko njiani, sijui kwa nini. Tukakaa chini ya dungu wote watatu, mpaka yule mama akaniuliza kama nitaweza kurudi peke yangu. Tulirudi naye, amenishika mkono. Salamu zetu siku hizi ni za mdomo mzima.

Risasi zilizobaki babu yao alizipeleka kituo cha polisi Ifakara yeye mwenyewe, pamoja na bunduki na kile kibali, akawaambia macho yamekwisha. Ya kwenye gunia mezani walimuuliza au hawakumuuliza, hajaniambia. Siku nzima nilikaa mlangoni nimevaa gauni la kanisani, kama mtu atakayeitwa, mpaka nikaiona bodaboda inamrudisha.

Sasa anapanda dungu na debe. Nalisikia kutoka hapa ninapotwanga, linakatakata, linapumzika, linaanza tena. Likipumzika sana mchi wangu unabaki juu, siushushi mpaka lilie.