Usingoje Kusema Langoni

Nakumbuka siku moja nilipokunywa chai ya tangawizi nyumbani kwa Mzee Jaswant, mjini Thika, kikombe changu kikajazwa na kujazwa tena, nikaondoka bila kusema nilichokuja kusema. Mwanangu, wewe uliyeitwa chuoni na hujui karo itatoka wapi, kaa kidogo nikusimulie habari ya chai hiyo. Hakuna nyingine iliyonigharimu kama ile, na nimekunywa chai katika miji mingi, maana miguu yangu haijawahi kutulia mahali.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Landless, mtaa mmoja wa Thika. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, baba alipoachishwa kazi kiwandani, lakini maswali hayakuniacha. Nilibeba mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Jaswant, Msikh mwenye ndevu nyeupe na sauti nzito. Kila mashine iliyoingia dukani niliizunguka kama mtoto anayezunguka jiko la chapati. Inazungushwa na nini? Mafuta yanapita wapi? Mzee alinijibu, mara akicheka, mara akinifukuza nikapange mabati.

Mjini ilijulikana kwamba yeye na jamaa zake huwalipia vijana karo ya chuo cha ufundi. Chuo hicho nilikitaka mpaka nikawa naota vyuma. Lakini unajua sisi tunavyokwenda kuomba. Unabisha hodi, unaulizwa habari, unasema ni nzuri. Mnazungumza juu ya mvua, juu ya bei ya maziwa, juu ya ng'ombe wa jirani aliyezaa. Ukishasindikizwa mpaka langoni, mkono uko kwenye komeo, ndipo unasema, "Sasa, kulikuwa na kaneno kadogo..." Hiyo tunaiita heshima. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake.

Basi Jumapili moja nikavaa shati lililopigwa pasi, nikaenda. Tuliizungumzia mvua, ambayo ilikuwa imechelewa. Tukamaliza mvua, tukaingia kwenye bei ya kahawa. Kila kikombe cha chai kilipoisha nilijiambia, nitasema langoni. Tukatoka, tukafika langoni, nikashika komeo, na mvua ile ile tuliyoisema sana ikaanguka yote kwa pamoja.

"Kimbia, kijana!" Mzee akapiga kelele, naye akakimbilia ndani ameshika kilemba chake.

Nilirudi Landless nimelowa, kaneno kangu kadogo bado kako mdomoni.

Nilijifariji kwamba mzee ana macho, ataona mwenyewe. Nikawa nafika dukani kabla ya wote. Nilifagia duka, nikafagia nje, nikafagia hata mbele ya duka la jirani. Muhula ulipokaribia nikasikia amechaguliwa Kamau, tuliyebeba naye mizigo, kijana ambaye hakuwahi kuuliza mashine swali lolote. Nikamwendea mzee nimevimba kwa hasira.

"Mzee, kwa nini Kamau?"

"Kamau alikuja akasema, nataka kusoma, nyumbani hakuna karo. Nikasikia."

"Na mimi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Wewe nilidhani unapenda kufagia."

Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo ya misumari. Mzee hakucheka. Aliweka kalamu chini, akanivuta kando. "Kijana, mimi nauza misumari, sipigi ramli. Wewe unauliza habari ya kila kitu, lakini habari yako mwenyewe unaificha. Haya, sasa hakuna mvua. Sema."

Mwanangu, mtu akikuambia sema, ni mlango umefunguliwa mpaka mwisho. Nilifungua mdomo. Nikawaona wale wenzangu bado wananitazama.

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nauliza tu."

Wiki haikwisha nikachukua begi langu nikaenda. Nimechuma kahawa Ruiru, nimechonga mawe Juja, nimeshona magunia, nimetengeneza pampu za maji ambazo hakuna aliyenifundisha. Sikuishi vibaya, wala sikukaa nikilia. Nimeona mengi, na kila mahali nimeuliza. Lakini palipotakiwa cheti, niliambiwa nisubiri nje.

Sasa miguu imechoka, naishi kwa binti yangu Nyokabi, kule Mwihoko. Mtoto wake, Wambui, aliitwa chuoni kusomea kazi ya maabara ya hospitali. Siku barua ilipofika nilimuuliza damu inamwonyeshaje mtu kwamba ana malaria, akanichorea nyuma ya kalenda. Ile kalenda bado ninayo.

Akaomba msaada wa serikali. Siku hizi unajaza maelezo ya nyumbani kwenu katika simu, nao wanakuweka katika kundi: wa nyumba maskini hulipiwa sehemu kubwa, wenye uwezo hujilipia. Majibu yakaja jioni. Wambui alikuwa amewekwa na wenye uwezo.

Akaiweka simu kifudifudi kitandani, akanigeukia mimi babu yake. "Guka, imeenda hiyo. Wacha nitafute kazi ya duka pale Witeithie. Mwaka mmoja tu, nijipange."

Niliposikia mwaka mmoja, nikaketi kando yake. Mimi pia niliondoka Thika kwa mwaka mmoja tu.

"Nisomee mlichoandika," nikamwambia.

"Guka, si ni maswali ya kawaida tu."

"Nisomee."

Akasoma. Kazi ya mama: mfanyabiashara. Kazi ya baba: mkandarasi. Hali ya nyumbani: tunajiweza.

"Ngai, Mungu wangu!" nikasema. "Hawa watu wanaishi wapi, nihamie kwao?"

Maana Nyokabi huchoma mahindi kwa jiko la makaa pale stejini, kwenye kituo cha matatu. Na mume wake, Macharia, hubeba mawe kwenye majengo akiitwa, na tangu alipoanguka akavunjika nyonga, haitwi.

Nyokabi akasimama, mikono ina majivu. "Baba, ulitaka aandike nini? Mchoma mahindi? Watu wakasome huko?"

"Hata yangu si uongo sana," Macharia akasema kutoka kwenye kiti. "Niliwahi kuwa na vijana chini yangu."

"Lini?" Nyokabi akamuuliza.

"Ile siku msimamizi alikuwa mgonjwa."

Wambui akacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikasikia sauti ya kikombe kikijazwa. Walikuwa wameenda kuomba karo, wakaongea mvua. Hakuna aliyekuwa ametaka kudanganya. Walitaka tu kuingia kwa mtu wakiwa na shati lililopigwa pasi.

Ndipo nikawasimulia habari ya Mzee Jaswant. Nyokabi hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

"Kumbe ndiyo maana," akasema polepole, "huwezi kupita duka la mabomba bila kusimama."

Nafasi ya kukata rufaa ilikuwa bado wazi, lakini siku zilikuwa zinakwisha, na ilitakiwa barua ya chifu ya kuthibitisha hali ya nyumbani. Asubuhi Nyokabi hakuwasha jiko. Alivaa leso safi, akaandamana na Wambui hadi ofisi ya chifu, nami nyuma yao. Foleni ilikuwa ndefu, na nusu yake ni wateja wake na wanawake wa chama chake cha kuweka akiba. Karani akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, kazi yako?"

Nikamwona Nyokabi ameshika ukingo wa meza kama nilivyoshika komeo siku ile.

"Mimi huchoma mahindi stejini," akasema, na akasema kwa sauti. "Mvua ikinyesha, siuzi. Bwana yangu ameumia nyonga. Huyu msichana ameitwa chuo na hatuna karo."

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Na mahindi yenyewe ni matamu, karani, andika hiyo pia!"

Foleni yote ikacheka. Hicho, mwanangu, ndicho kicheko nilichokiogopa maisha yangu yote, na kumbe hakina meno. Yule mwanamke alipofika mezani, nilimsikia akimwambia karani, "Yangu pia ilikuwa imeandikwa biashara. Andika nauza sukuma wiki."

Wambui akakata rufaa kwa maneno hayo hayo, pamoja na karatasi za hospitali za baba yake. Majibu yalichelewa hadi tukaacha kuulizana. Yalipokuja, alikuwa amehamishwa kundi. Hawakulipa yote. Pengo lililobaki analiombea basari ya kaunti, yaani msaada wa karo, na hapo pia ameeleza kila kitu tangu mstari wa kwanza.

Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku mpaka langoni mwa ploti tunamopanga. Akaweka mkono kwenye komeo, nami nikamtania, "Haya, kuna kaneno kadogo?"

"Hapana, Guka," akasema, akinikumbatia. "Yote nilishayasema ndani."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unapoomba msaada wa masomo, iseme hali ya kwenu kama ilivyo, mapema, ukiwa bado umeketi. Kazi ya mama yako iite kwa jina la kile anachokifanya kwa mikono yake, maana hakuna aibu katika jiko linalokulisha. Usiipunguze shida ili uonekane na heshima, wala usiiongeze ili uonewe huruma. Anayesoma hakujui, na hana kingine cha kukuona nacho ila maneno yako. Wakikukatalia, uliza kwa nini, na uangalie tena ulichowaambia kabla ya kusema ni mwaka mmoja tu. Na ukiambiwa, "Sema," tafadhali, kwa ajili yangu mimi niliyebeba begi, sema.

Mungu akukalishe mbele ya watu wenye masikio. Akulegeze ulimi wakati wake, akufikishe darasani, akurudishe kwa wazazi wako ukiwa na cheti mkononi na maswali mengi kuliko uliyoondoka nayo. Nenda salama.