Shemeji Alipokwenda Uwanjani kwa Niaba Yetu

Nina duka la steshenari Mkuyuni. Natoa kopi, nachapa barua za watu, nafanya laminesheni ya vyeti. Shule niliishia darasa la saba, lakini mtu anayetoa kopi miaka mingi akibaki mjinga amejitakia. Katiba za vikundi, miongozo ya pampu za maji, maelezo ya dawa za mifugo, vyote vimepita mikononi mwangu, na vingi nimevisoma huku mashine ikipoa. Mwongozo wa makocha wa mpira wa miguu ulinifikia hivyo hivyo. Aliuleta mwalimu mmoja wa michezo, nikamwomba ruhusa ya kubaki na nakala, nikausoma mpaka kurasa zikalegea. Tangu hapo, nikitazama mechi siufuati mpira. Natazama nafasi: nani kaiacha, nani kaiona, nani kachelewa kuiziba.

Naeleza haya ili ieleweke kwa nini niliamini safari ile ilikuwa yangu.

Tawi letu la mashabiki hukutana nyuma ya soko, kwenye banda la mama mmoja mkaanga samaki, naye ni mwanachama mkongwe kuliko wengi wetu. Mimi ni katibu. Tuna desturi moja. Mwanachama akienda Dar es Salaam kuona mechi kubwa, akirudi hukaa mbele ya wenzake na kuisimulia, hata kama sote tuliiona kwenye televisheni. Televisheni hufuata mpira. Haikuonyeshi mabeki wawili wanaogombana wakati mpira uko upande wa pili, wala kocha anavyolitazama benchi kabla hajaamua nani aingie. Mjumbe huenda kutuletea hayo. Tunamnunulia soda, anasimulia, anaulizwa. Wajumbe wote wa nyuma walikwenda kwa basi na kurudi wamevimba miguu.

Safari hii mlezi wa tawi, mfanyabiashara wa samaki, alijitolea kulipia tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, pamoja na ya kuingilia uwanjani, kwa mtu mmoja. Mechi ilikuwa dhidi ya watani wetu wa jadi.

Sijawahi kupanda ndege. Nazitazama zikizunguka juu ya ziwa kabla ya kutua, na najua kinachozibeba. Nimesoma habari za bawa, za hewa inayopita juu yake na chini yake, na kwa nini rubani hupenda kutua akiukabili upepo. Kwa hiyo tiketi ile ilikuwa na mambo mawili niliyoyasoma bila kuyaona, ndege na uwanja, katika safari moja. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichokitaka tangu nifungue duka.

Aliyeitaka pia ni shemeji yangu. Ni Mhaya, anauza ndizi zinazotoka kwao Kagera, na amemwoa mdogo wangu wa kike. Ni mtu wa maneno. Akishusha mikungu sokoni, wateja humzunguka hata wale wasionunua. Sisi Wasukuma tunawatania Wahaya kwa majivuno, naye huyapokea yote na kuyarudisha na faida. Kwa shemeji hakuna kukasirika. Likikuuma, unacheka, na yeye likimuuma anacheka. Ndivyo tulivyoishi.

Mwenyekiti alitaka tupige kura tu, yaishe. Mimi nikapinga. Nikasema kura ya namna hiyo ni ya sura, wakati kazi ya mjumbe ni kusimulia. Nikapendekeza kila mmoja wetu asimulie mechi moja ya msimu uliopita ambayo wote waliiona, halafu tawi liamue nani anafaa. Pendekezo likapita bila ubishi. Nilijiona nimefunga kazi, kwa sababu hakuna mtu katika tawi lile aliyeielewa mechi ile kama mimi.

Nilianza na mpangilio wa timu zote mbili. Nikaeleza jinsi viungo wa wapinzani walivyotubana, na jinsi kocha wetu alivyomshusha winga wa kulia ili kupata mtu wa ziada katikati. Sikukosea hata kimoja. Nilipokaribia mapumziko, wenzangu wengi walikuwa kwenye simu, na mama alikuwa amerudi kugeuza samaki.

Shemeji akasimama. Hakutaja mpangilio. Alisema kipa wao alitoka golini kama mtu aliyekumbuka ameacha maharage jikoni yanaungua, na shemeji mwenyewe akatoka kweli, akakimbia kati ya meza na kurudi ameshika kichwa. Watu wakacheka mpaka mama akaja na kijiko chake kusikiliza. Aliliweka goli la kwanza kipindi cha pili, na lilikuwa la kipindi cha kwanza. Nilisimama kumsahihisha.

"Katibu, kaa," mwenyekiti akaniambia. "Wewe ulishamaliza."

Mikono ikanyooshwa. Iliyonyooshwa kwa ajili yangu haikutosha hata kunisitiri.

Siku ya safari mdogo wangu alinipigia simu. "Kaka, msindikize," alisema. "Anajikaza tu huyu. Tangu jana chakula hakipiti." Nikafunga duka. Kwenye kiwanja cha ndege shemeji alikuwa amevaa koti juu ya jezi, koti la harusi yake, na jasho linamtoka. Nilimweleza kwamba akiona bawa linapinda asiogope, kwa kuwa limetengenezwa lipinde. Nilimweleza habari za masikio kuziba. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba kama ningekuwa napanda mimi, rubani angepata taabu ya kufundishwa kazi njia nzima. Tulicheka wote wawili. Kisha akaingia ndani, mimi nikaenda kusimama kwenye uzio.

Ndege ikaondoka, ikainuka, ikainamisha bawa juu ya maji na kuelekea mashariki. Kila ilichokifanya nilikijua kabla haijakifanya. Nimeshawahi kuwaonea watu wivu kwa nyumba na kwa watoto waliofaulu, na wivu wa namna hiyo hulala ukichoka. Huu wa kiti haukulala. Kiti ni kimoja, na akikaa mwingine, wewe unajua upo wapi kwa dakika ile na yeye yupo wapi.

Mechi niliitazama na wenzangu kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kiingilio kuona televisheni. Kila kamera ilipogeukia mashabiki nilimtafuta shemeji kuliko nilivyotafuta mpira. Tulishinda kwa goli moja. Televisheni ilionyesha pasi ndefu, winga wetu wa kushoto akiwa peke yake, na wavu ukitikisika. Haikuonyesha kwa nini alikuwa peke yake. Niliposubiri marudio nikaona, pembeni kabisa mwa picha, mshambuliaji wetu wa kati akitembea taratibu kurudi nyuma, na beki wao akimfuata. Hapo ndipo nafasi ilipozaliwa. Nikawaeleza walio karibu. Walikuwa wanacheza kwa shangwe. Mmoja alinikumbatia na kuniambia goli limeshaingia, sasa Katibu anataka nini tena.

Kesho yake shemeji aliingia dukani kwangu akitokea moja kwa moja kiwanja cha ndege, begi begani. Alikaa kwenye benchi la wateja na kungoja mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka.

"Shemeji," alisema, "lile goli liliingiaje?"

Nilidhani ni utani. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa uwanjani.

"Nilikuwepo. Nilifumba macho."

Akanieleza bila kunitazama. Nyumbani mechi ikiwa ngumu hutoka nje, huzunguka ua mpaka asikie kelele. Mdogo wangu anajua, mimi sikujua. Kule juu jukwaani hapakuwa na pa kutokea, basi aliinamisha kichwa magotini na kufumba macho. Alifanya hivyo sehemu kubwa ya mchezo. Goli alilijua kwa watu waliomwangukia mgongoni. Barabarani wenzake wa tawi walikuwa wameshampigia simu kuulizia, naye akawaambia wasubiri, atasimulia Jumapili mbele ya wote. Mlezi angekuwepo.

"Nikisema sikuona," alisema, "huyo mzee hatatoa tiketi nyingine kwa mtu yeyote. Na mdogo wako atachekwa sokoni mpaka mwaka uishe."

Nilikuwa na kitabu cha mwanafunzi mkononi, cha kutolewa kopi. Niliweka kurasa, nikabonyeza, nikaziangalia zikitoka. Nilikuwa nimenyimwa kiti kile ili apewe mtu wa kukifumbia macho. Ningeweza kumwambia aende akasimulie mwenyewe. Jumapili angesimama mbele ya tawi, mama angeuliza swali moja tu la goli, na kila mtu angejua nani alistahili kwenda. Nililipima jambo hilo kwa utulivu, na lilikuwa tamu. Lakini pia nilimwona mdogo wangu akipita kati ya meza za sokoni.

"Nipe ndege kwanza," nikamwambia.

Alishangaa, kisha akaelewa. Nilimuuliza ndege iliinua pua baada ya kukimbia kwa muda gani, akasema muda wa kumaliza sala ya Baba Yetu. Nilimuuliza kuhusu bawa, akasema lilitikisika kama jani la mgomba na alilishika kwa macho mpaka lilipotulia. Ziwa alilionaje? Akafikiri. Akasema kivuli cha ndege kilikuwa kinakimbia juu ya maji pembeni yao, kidogo kama mtumbwi, kikapanda kisiwa, kikateremka upande wa pili, hakikulowa. Mambo ya namna hiyo hayapo katika kitabu chochote nilichokitolea kopi. Nilimwomba arudie, akarudia.

Basi nami nikampa goli. Nilipanga vifutio na visanduku vya pini juu ya kaunta, wetu huku, wao kule, nikasogeza mshambuliaji nyuma na beki nyuma yake. Shemeji aliinama akatazama kwa umakini ambao sikuwahi kuupata tawini.

"Huyu alimfuata kwa nini?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba beki humwogopa mtu anayemwona kuliko nafasi asiyoiona. Akaitikia kwa kichwa, akaomba nivipange upya, safari hii avisogeze yeye.

Jumapili banda lilijaa. Mlezi alikaa mbele. Shemeji alianza na ndege, watu wakashika mbavu. Alifika uwanjani, akaimba kama walivyoimba, akaonyesha jinsi jirani yake alivyokuwa akitafuna kofia. Kisha akashusha sauti kwa ajili ya goli. Alisema kutoka kule juu alimwona mshambuliaji wetu akijikokota nyuma kama mgonjwa, na beki wao nyuma yake.

"Beki ni kama mlinzi wa shamba la mahindi," alisema. "Akimwona tumbili mmoja mbele yake, anamkimbiza mpaka mtoni. Kundi zima linaingia kwa nyuma."

Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja. Akasema sasa ndipo ameelewa lile goli. Waliokuwa nami kwenye kibanda umiza, wale niliowaeleza jambo lile lile wakiwa wanacheza, walikuwa wanatazamana na kutikisa vichwa kwa mshangao. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye yule tumbili. Nilikuwa nimempa shemeji sentensi ya kitabu, naye usiku mmoja au asubuhi moja, huku akihesabu mikungu, ameigeuza kuwa kitu ambacho hata mimi nilikiona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa sahihi, tena kuliko changu. Kama kingekuwa na kosa ningepumua.

Shemeji alinitazama mara moja juu ya vichwa vya watu, akashusha macho. Mlezi alisimama akasema msimu ujao tiketi ipo, na sauti kadhaa zikamtaja shemeji kabla hajakaa. Walianza kumpitishia soda ya pili.

Mama alikuja na sahani yangu, akaiweka, akakaa kando yangu na kupangusa mikono kwenye kanga.

"Katibu mwanangu," alisema, "wewe umesoma sana, lakini umesikia mpira unavyosimuliwa? Mkalie karibu shemeji yako. Jifunze."

"Nimesikia, mama," nikamjibu, nikaanza kumtoa samaki miiba.