Kompyuta Mpya, Masomo ya Zamani

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili asije akatafutwa mwingine wa kulaumiwa. Sisi watu wa Kindu, kule Kongo, tumezaliwa na biashara mwilini. Tukiona mteja, mkono unatoa bidhaa kabla kichwa hakijaamua. Ndivyo nilivyoiuza kompyuta ya mke wangu, laptopu nzito iliyofutika herufi, kwa mwenye duka mmoja wa Nathenje, nikamletea mpya. Ilikuwa nyembamba, haina kelele, na betri yake inakaa kutwa nzima bila umeme. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na simu, kwa hiyo nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Mke wangu alifurahi kweli. Aliipangusa kwa upindo wa kitenge ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akachomeka flashi yake ya masomo, na furaha ikaishia hapo.

Kabla hatujajuana, mke wangu alikuwa mkunga kule Uvira. Alifika kambini bila karatasi hata moja ya kuthibitisha hilo, na katika miaka tisa ya ndoa yetu mimi nimemjua kama mama wa maandazi, anayeamkia unga na kurudi na harufu ya mafuta. Sasa chuo kimoja cha Lilongwe kilikuwa kimekubali kuwapima wakunga kama yeye. Akifaulu, zahanati moja ya Area 18, mtaa wa jiji hilo hilo, ilikuwa tayari kumchukua. Mtihani ulikuwa Alhamisi, na sehemu aliyoiogopa ni ya kusikiliza: unasikilizishwa mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, nawe useme kama yuko salama na utamfanyia nini mama yake. Sauti za kujifunzia zilikuwa kwenye flashi, katika kurasa zinazofunguliwa kwa browza, ile ile programu ya kuingilia mtandaoni. Lakini browza haikuweza kuzitoa sauti hizo bila plagini, kiprogramu kidogo kinachokaa ndani yake na kuifanyia kazi asiyoijua mwenye nyumba.

Kwenye mashine mpya maandishi yalifunguka vizuri. Palipotakiwa sauti palikuwa na kisanduku cha kijivu tu.

"Baba batoto, moyo iko wapi?"

"Ngoja, Mama batoto. Ile ni kazi ya dakika tano."

Dakika tano zikawa Jumapili nzima. Niliiweka plagini, nikaitoa, nikaiweka tena, na kila mara ilinijibu kwamba haikutengenezwa kwa kompyuta ya aina hii. Ilikuwa inasema kweli. Prosesa ya mashine mpya, yaani ubongo wake, ni ya ukoo mwingine kabisa, na plagini ile iliandikwa zamani kwa ajili ya prosesa za ukoo wa kwanza. Nilikuwa nimewahi kusoma habari hizo, nikadhani zinawahusu watu wengine.

Jumatatu nikaenda Nathenje kuiomba ile ya zamani. Mwenye duka alinipokea kwa soda. Kompyuta ilikuwa juu ya kaunta, imeshafutwa kila kilichokuwemo, na watu wa sokoni walikuwa wamepanga foleni wakiingiziwa nyimbo kwenye simu. "Zikomo, achimwene," akanishukuru kwa Kichewa, na akaanza kuisifu: haichoki, haisumbui, hutaipata nyingine kama hii. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia siku ya kumuuzia. Nikamaliza soda, nikaaga, nikapanda basi la kurudi.

Jumanne mke wangu hakwenda sokoni. Mchana nilimkuta amekaa mbele ya kile kisanduku cha kijivu, mikono mapajani.

"Wacha tu," akasema. "Miaka yote hii sijashika tumbo ya mama. Hata masikio itakuwa ilishasahau. Sitaenda."

Alilisema bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Hasira yake naiweza, nimeizoea.

Nikaanza kumweleza ubovu wenyewe. Nikamwambia kompyuta hii ina mkalimani ndani yake. Ikija programu ya zamani, mkalimani anaitafsiria prosesa, na kazi inakwenda. Lakini plagini haisemi na prosesa peke yake, inakaa ndani ya browza, na browza niliyoweka ni mpya, inaongea lugha mpya. Humo ndani hawasikilizani, na mkalimani hafiki.

Mke wangu huitwa mara nyingi kliniki ya kambi kuwatafsiria wazazi wa Kikongo mbele ya manesi wa Kichewa. Alinitazama vile anavyonitazama nikirudi kutoka dukani bila chumvi niliyotumwa.

"Sasa juu ya nini browza ni mupya? Weka ya zamani. Bote babili baongeye luga yabo, na mukalimani asimame inje na ile prosesa."

"Fundi gani anaweka browza ya zamani mu mashini mupya?"

"Ule mwenye bibi yake iko na ekzame kesho kutwa."

Browza ya zamani ilikuwa kwenye flashi muda wote. Waliotengeneza masomo waliiweka pamoja na plagini, nami nililipita faili hilo mara kumi kwa dharau. Nikazima intaneti, nikaiweka. Ilifunguka kwa uvivu, na sura mbaya. Nikaipa plagini yake, ikaingia bila kulalamika, na kwenye kile kisanduku kikatokea kitufe.

Akabonyeza. Mapigo yakatoka mbio mbio, kama mtu anayetwanga mahindi nyumba ya jirani. Mke wangu alifumba macho. Mkono wake ulilala juu ya meza, kiganja kimepinda kidogo, kidole kikihesabu. Baadaye mapigo yakapungua, yakawa mazito, yakachelewa kurudi. Mimi sikuelewa kitu.

"Mama, lalia ubavu ya kushoto," akaiambia meza. "Vile. Pumua pole pole. Niko hapa."

Sauti hiyo sikuijua. Haikuwa ya kuitia wateja wala ya kunigombeza mimi. Ilikuwa ya chini, haina haraka, na kama angeniambia nilale chini ningelala. Nilimpenda siku ile kwa namna mpya, na machozi yakanitoka pale pale.

Akafumbua jicho moja. "Nini? Imeharibika tena?"

"Hapana," nikasema. "Endelea."

Alhamisi akafaulu. Siku hizi kuna wanawake Area 18 wanaoijua sauti ile kuliko ninavyoijua mimi, nami nawaonea wivu kidogo.