Kunde Zetu na Sala ya Mvua

Mwezi wa kumi mwaka ule niliongoza sala ya mvua Jumapili tatu mfululizo, na mara zote tatu sikujua ninachoomba.

Mimi ni katekista mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto na wazee wa Lodwar kwamba Mungu haangalii maneno ya mdomo, anaangalia yaliyo moyoni. Niliamini hivyo na bado naamini, ndiyo maana nikapata taabu. Mdomo wangu uliomba mvua kwa sauti iliyosikika hadi nje ya kanisa. Moyo ulikuwa unasema: Bwana, ngoja kwanza majuma machache.

Shida ilikuwa bustani. Iko kwenye ukingo wa Kawalase, ambayo ni laga, mto wa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha milimani upande wa Loima, maji hushuka kwa ghafla, hata kama hapa mjini jua linawaka na hakuna wingu. Udongo wa ukingoni ni mzuri kwa sababu mto ndio unaouleta, na mto huohuo hurudi kuuchukua pamoja na chochote ulichopanda. Tunalijua hilo sote. Tunapanda tu, maana ukitoka hapo ni mawe. Tunaanza mwezi wa nane, tunamwagilia kwa mikono, tunaomba tule kabla ya mvua za vuli. Mwaka mmoja tunakula, mwaka mwingine samaki wa ziwani ndio wanaokula.

Mwaka uliotangulia mto ulichukua kila kitu, hata ua wa bustani. Mke wangu alisimama akatazama matope, kisha akaniambia, "Nitapanda mara moja tena. Mto ukichukua na hii, kazi ya kuchota maji utaifanya wewe na malaika wako."

Mke wangu hafanyi mzaha na kazi. Maji tunayachota kwenye shimo tunalochimba katikati ya laga, na kadiri kiangazi kinavyoendelea shimo linazidi kwenda chini, hadi anayechota anaonekana kichwa tu. Mimi nina goti bovu. Madumu mengi ya mwaka ule aliyabeba yeye. Kwa hiyo kunde zilipofunga maganda, na maboga mawili yakavimba chini ya majani yake mapana, mimi sikuwa naona chakula tu. Nilikuwa naona mgongo wa mke wangu.

Hapo ndipo dada yake mkubwa alipofika.

Alitoka na mbuzi wake kule mbele ya Kakuma, kwa miguu, akifuata maganda ya migunga yaliyodondoka kando ya mto Turkwel. Alianza safari na mbuzi kumi na mmoja. Walifika saba. Mgongoni alibeba gunia dogo la edung, yale matunda ya porini tunayokula wakati wa njaa, kwa kuwa si adabu kufika kwa mdogo wako mikono mitupu.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok-noi, mwalimu." Alikuwa ameshaitazama bustani kabla ya kunitazama mimi. "Kumbe nyie mna majani mabichi, na sisi huko tunatafuna vumbi."

"Hatujala bado, dada," mke wangu akamwambia. "Tunangoja maganda yakauke."

"Mbuzi zangu hawajui kungoja. Hawakusoma kwa mwalimu."

Alicheka, nasi tukacheka, ingawa sikuwa na hakika kama ulikuwa mzaha.

Siku hiyohiyo mke wangu aliweka edung jikoni. Wasioijua hufikiri ni kazi ndogo. Matunda yale ni machungu, na ukiyala vibaya utaumwa. Unachemsha, unamwaga maji, unaweka mengine, unachemsha tena, mara sita, mara saba, mchana kutwa, huku kila mara mpishi akionja moja na kukunja uso. Ikifika jioni uchungu umeondoka, imebaki ladha kama ya maharage. Mke wangu aliitia mafuta ya mbuzi na majani machanga ya kunde. Tulikula tukamshukuru Mungu, na nilimshukuru kwa kweli, maana ni nani mwingine aliyemfundisha mwanadamu wa kwanza kuchemsha mara ya saba wakati mara ya sita bado ilikuwa chungu?

Shemeji yangu alikuwa mwombaji. Lazima nieleze hapa, msomaji asiye wa kwetu asije akamdharau. Kwetu kuomba si aibu. Mtu anakuomba kwa sababu wewe ni wake. Aliomba tumbaku, akaomba sukari, akaomba shati nililokuwa nimelivaa. Kila asubuhi alikaa kwenye ua wa mathenge, ile miti yenye miiba, akanyoosha fimbo kuelekea kunde na kusema, "Mwalimu, nipe ule mstari wa mwisho. Mmoja tu." Nami kila asubuhi nilimjibu, "Shemeji, zingojee zikauke, utakula wewe na watoto wako." Alisonya, akaenda zake na mbuzi wake kutafuta chochote.

Jumapili ya kwanza alikuja nasi kanisani, ingawa yeye hubatizwa kila mwaka kwa maneno na hajawahi kufika kwenye maji. Paroko aliniomba niongoze sala ya mvua, kama ilivyo desturi tangu nilipokuwa kazini. Nilisimama. Nilikumbuka shimo la maji na kichwa cha mke wangu kikitokeza mchangani. Nikaomba kwamba Bwana atujalie kilicho chema, kwa wakati wake ufaao, kadiri ya hekima yake, kwa namna anayoijua mwenyewe.

Tulipotoka nje shemeji akanishika mkono.

"Wewe umeomba mvua?"

"Nimeomba."

"Mimi nilikuwa nasikiliza. Mvua sikuisikia. Nimesikia habari nyingi za wakati."

Mke wangu alitazama pembeni. Alikuwa amesikia vilevile.

Katikati ya juma mbuzi mmoja akafa. Shemeji hakulia. Alimchuna, tukaanika nyama kwenye kamba, nyembamba hivi kwamba mwanga ulipenya. Jumapili ya pili nililitamka neno mvua waziwazi, mara tatu, ili asiwe na la kusema. Nikarudi nyumbani na hofu, nikaenda moja kwa moja laga kutazama kama mchanga umeloa. Ulikuwa mkavu. Nikafurahi, kisha nikaona aibu ya kufurahi, nikakaa chini ya ua nisijue nitubu lipi. Nilikuwa nimemwomba Mungu mkate na jiwe kwa sala moja. Kama anasikia moyo, amesikia nini? Na kama mbuzi yule alikufa kwa sababu ya moyo wangu?

Nilimuuliza mke wangu tulipokuwa tunapalilia. "Wewe unaomba nini?"

"Mimi naomba goti lako lipone ubebe dumu."

"Nauliza juu ya mvua."

Aling'oa jani moja la mchicha lililoliwa na wadudu. "Yule ni dada yangu aliyenibeba mgongoni," akasema. "Na hizi ni kunde zangu. Usiniulize mimi. Wewe ndiye uliyesomea."

Nilisomea, ni kweli. Lakini katika yote niliyofundishwa hakuna mahali palipomtaja mtu mwenye bustani ndani ya njia ya mto.

Jumapili ya tatu nilisali vibaya zaidi. Nilianza na shukrani nikakwama humo humo, nikashukuru kwa jua, kwa mchanga, kwa maji ya shimo, hadi mzee mmoja akakohoa. Neno mvua lilitoka mwishoni kama mtu anayesukumwa mlangoni.

Jumanne alasiri mawingu yakajikusanya upande wa Loima, mazito, rangi ya sufuria chakavu. Dereva wa lori la mkaa aliyetoka huko akatuambia ameacha mvua inanyesha. Majirani wenye bustani wakaanza kuvuna haraka, mabichi na makavu. Wengine wakasema mawingu hayo ni ya uongo, tumeyaona mara ngapi. Mke wangu alizunguka kunde zake akibonyeza maganda. Nusu yalikuwa bado laini. Zilihitaji siku kumi, labda kumi na mbili.

"Tungoje mpaka kesho," nikasema. Hilo ndilo jibu langu la siku zote.

Alfajiri niliamka kabla ya watu nikaenda bustanini. Nilitaka ishara. Nilitazama milima, haikuonekana kwa vumbi. Nilitazama laga, kavu. Niliweka sikio chini, maana mto ukija husikika kama lori kabla haujaonekana. Sikusikia kitu.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye ua, mahali pake palepale. Mbuzi watano walisimama wakiwa wameinamisha vichwa. Wa sita, yule mweupe mwenye mimba, alikuwa amelala na hakuinuka niliposogea.

"Ejok, shemeji."

"Ejok."

Nikangoja. Hakunyoosha fimbo. Hakuomba mstari wa mwisho, wala tumbaku, wala shati. Alikuwa anatazama mikono yake.

Miaka yangu yote sijawahi kuogopa kimya kama kile. Mtu wetu akiacha kukuomba, ameshakuondoa katika hesabu ya watu wake, au amejiondoa yeye mwenyewe katika hesabu ya walio hai. Nilisimama pale nikitafuta sala. Haikuja hata moja. Nikarudi nyumbani, nikamwamsha mke wangu.

"Dada yako haombi kitu," nikamwambia.

Alikaa kitandani. Aliuelewa ubaya wa jambo hilo haraka kuliko mimi. Akajifunga leso, akachukua beseni na kisu, tukatoka. Alichuma maganda yote yaliyokomaa, na mabichi ya kutosha chungu kimoja. Alikata maboga mawili akayaweka kando. Kisha akasimama katikati ya mistari yake, akavuta pumzi, akanitazama.

"Fungua," akasema.

Nilivuta tawi la mathenge, likanichoma kiganjani, nikafungua. Mbuzi watano waliingia bila kuhimizwa. Mashina mengine mke wangu aliyang'oa akampelekea yule mweupe pale alipolala, akamwekea mdomoni. Alipoanza kutafuna, shemeji akafunika uso kwa shuka. Kazi ya miezi miwili na nusu ilikwisha kabla chai haijachemka.

Mto ulikuja saa nne asubuhi. Tulikimbia ukingoni sote na majirani. Ulikuja mwembamba, wenye povu na vijiti, katikati ya mchanga, upana wa kitanda. Ulipita chini ya bustani yetu, mbali nayo hatua kama ishirini, na kufikia alasiri ulikuwa umezama wote.

Majirani walitazama mto, kisha bustani yetu iliyoliwa. Shemeji ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa imerudi.

"Mwalimu, mto wako umekuja kukusalimu tu."

Mke wangu alicheka. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka nikiwa sijui kama tumeokolewa au tumechezewa.

Mchana ule tulikula boga lililopikwa na maganda mabichi ya kunde, na zile nyama kavu za mbuzi aliyekufa zikatiwa humo. Niliombea chakula. Nilisema asante, nikanyamaza, maana sikujua niendelee kusema asante kwa lipi.

Mvua yenyewe ilinyesha baada ya majuma matatu. Mto ulikuja kwa nguvu ukafagia ukingo wote. Kama tungengoja, tungekuwa tumeshavuna kila kitu, tumekula, tumeweka na mbegu. Mbuzi nao wangekuwa mifupa. Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi, kama mpishi anavyogeuza edung, nikamwaga maji na kuweka mengine, na bado nikionja nakunja uso. Sijui kama mawingu yale yalikuwa jibu. Sijui kama nilitii au niliogopa tu. Paroko nilimweleza, akasema Mungu hutumia hata sala mbovu. Huenda. Namshukuru Mungu hata kwa hilo huenda.

Shemeji aliondoka majani yalipoota, na mbuzi sita. Yule mweupe alizaa huko njiani, ndivyo tulivyopigiwa simu. Kabla ya kuondoka aliniomba shati tena. Nikalivua nikampa, nikarudi nyumbani kifua wazi mbele ya majirani, nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane ulipofika, sikutaja bustani. Nilikumbuka aliloapa mke wangu, nami sina goti la kuchota maji. Asubuhi moja nilimkuta anafungua kitambaa cha mbegu. Alikuwa amebakiza kunde kidogo kutoka kwenye lile beseni.

"Si ulisema hutapanda tena?" nikamuuliza.

"Nilisema mto ukichukua," akajibu bila kuinua uso. "Mto ulikuta kumeshaliwa. Juu ya mbuzi sikusema kitu."

Akachukua dumu moja akanipa, akachukua mawili akabeba yeye, akatangulia kushuka laga.