Reli Chini ya Kitanda

Maji tuliyaona kwanza tukiwa Marani. Asubuhi nilishusha miguu kutoka kitandani, soksi zikalowa. Mume wangu akasema ni baridi tu na pumzi zetu. Kesho yake yalikuwa yamefika mlangoni.

Tulikuwa na mwezi mmoja tangu tuanze kuishi ndani ya gari. Kazi yetu ni kupima macho na kuuza miwani sokoni, na tulikuwa tumechoka na vyumba vya kukodi. Yeye alinunua van kuukuu Kisii, akaitengeneza mwenyewe: kitanda cha mbao, jiko la gesi, na chini ya kitanda tangi la plastiki la maji ya kunawa na kuoshea vioo. Mimi nilishona mapazia. Sikuuliza gari lilikuwa la nani.

Tulipofika Ekerenyo tukampata fundi wa matangi, mzee mmoja mpole. Alipapasa kila upande, akasema ufa uko chini, tangi lazima litoke.

"Huwezi kuziba kutoka juu?" mume wangu akamwuliza haraka.

"Hapo tutakuwa tunadanganyana, daktari."

"Paka gundi tu, tutaona."

Nikamwambia fundi alitoe. Mume wangu akashuka, akaenda kusimama kando ya barabara, akitazama bodaboda zikipita.

Fundi alilivuta tangi, kisha akang'oa plaiwudi iliyokuwa imeoza kwa maji. Kelele za nyundo zikakatika ghafla.

"Mama, njoo uone kilichotoboa tangi lako."

Chini palikuwa na reli mbili za chuma, zimefungwa sakafuni kutoka mlango wa nyuma hadi kiti cha dereva, zikiwa na vigurudumu vidogo vidogo. Mwisho wa reli moja bolti nene ilikuwa imechomoza, ikaitoboa plaiwudi. Kila tulipopita kwenye mashimo, bolti hiyo ilikuwa ikilisugua tangi.

"Hizi ni za nini?"

Alizungusha kigurudumu kimoja kwa kidole. Kiligeuka bila sauti yoyote.

"Za kusukumia jeneza."

Nilimfuata mume wangu barabarani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia, ungekubali kulala humo?"

Fundi alikata ile bolti, akaziba ufa kwa kipande cha plastiki na chuma cha moto. Tukajaza maji, tukangoja. Halikudondoka hata tone. Alinawa mikono mara mbili, tukamkaribisha chai, akakataa.

Jioni hiyo tuliendesha hadi Gesima. Nililala kwenye kiti cha mbele, nimejifunika koti.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai na vioo vyote vilikuwa vimejaa mvuke. Kwenye dirisha la ubavuni, mahali ambapo karatasi ya gundi ilikuwa imebanduliwa zamani, mvuke haukushika. Pazia nililolifungua asubuhi hiyo lilikuwa limelificha dirisha hilo mwezi mzima. Ule mwanya ulikuwa na umbo la msalaba. Nilitaka kuufuta mvuke uliouzunguka, lakini mteja wa kwanza alikuwa ameshafika: mama wa makamo, kikapu cha kuchumia chai mgongoni.

"Karibu ndani, mama."

Aliweka mguu mmoja juu, akaliona dirisha, akasimama.

"Hili gari nimelipanda," akasema. "Mimi nilikaa upande ule. Mzee wangu alikuwa hapa." Akanyoosha mkono kuelekea kitanda chetu.

Nilimwambia pole.

"Mnalala humu?"

"Ndiyo, mama."

Alishusha mguu polepole, akaukung'uta.

"Nipimieni nje."

Tukalitundika bango la herufi za kupimia macho kwenye ua wa kando ya barabara. Wanawake wengine waliokuwa wamefika nyuma yake wakingoja zamu walikuwa wamesikia, na hakuna aliyeukaribia mlango tena. Mvua ikaanza. Mume wangu aliwapima mmoja mmoja, mimi nikiwashikia mwavuli, nikijua kwamba wakishaondoka tutabaki sisi wawili na tutalazimika kupanda garini.