Chumvi ya Barabarani

Mzee jirani wa Ingegerd si mtu wa maneno mengi. Majira yote ya baridi hushinda gerejini, Volvo yake ya mwaka sitini na nne ikiwa imepandishwa juu ya magogo, naye akiisugua kutu kwa vidole vinene vyenye grisi. Siku hizi hata spana huzitambua kwa kupapasa. Gari halitoki mpaka mvua ioshe chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, maana chumvi hiyo hula bati. Kwa hiyo kila Aprili huinama langoni, akagusa lami kwa kidole kilicholowa mate, akaonja.

Mwaka huu mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo. Ingegerd alimkuta pale langoni, kidole kikiwa mdomoni.

"Nani?" mzee aliuliza, ingawa walitengana hatua mbili tu.

"Ni mimi, jirani. Gari halitoki leo?"

"Litatokaje? Chumvi bado ipo."

Ingegerd akachuchumaa, akagusa lami, akaonja. Lami tupu, chumvi hakuna. Akayatazama yale macho yaliyokuwa yakimtafuta.

"Kweli ipo," akasema. "Tena nyingi."

Mzee akashusha pumzi, akarudi gerejini akiupapasa ukuta.