Lenzi Fupi na Mgeni Asiye na Viatu

Mimi sina akili ya kutunga. Shule niliacha darasa la tatu, nikaingia biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, na omena ndiyo imenilisha mpaka leo. Kwa hivyo usiniambie niliota. Nilikuwa macho, sufuria ikiwa motoni, na mjukuu wangu Adhiambo alikuwa hapo hapo. Muulize, yuko.

Huyo Adhiambo ndiye mpiga picha, na najivunia yeye, sitaficha. Tuliuza ndama tukamnunulia kamera kubwa, ile ambayo jicho lake la mbele linatolewa na kuwekwa lingine. Wao wanaliita lenzi. Lakini ilikuja kipofu, mwili mtupu, na lenzi tungeweza kununua moja tu. Ndama mwingine hakuwepo. Tukikosea, kamera inakaa kabatini na msichana anarudi kuanika omena na mimi.

Mwenye duka la kamera pale Migori mjini ni mteja wangu. Akatupa lenzi mbili. "Mama, kaeni nazo mjaribu. Jumatatu mniletee moja."

Moja ilikuwa ndefu kama mtutu wa bunduki. Inamvuta mtu wa ng'ambo ya mto mpaka unamhesabu meno. Nyingine ilikuwa fupi, nyepesi kama kifuniko cha thamosi. Haivuti kitu. Ukitaka mtu awe karibu, unatembea mwenyewe.

"Dani, hii fupi inaona gizani," Adhiambo akaniambia. Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

"Gizani kuna harusi gani?" nikamuuliza. "Chukua ndefu. Watu wakiiona watajua umefika. Na hicho kikombe watasema umekuja kunywa chai."

Akacheka sana, lakini akakubali. Nakuapia, tulikuwa tumeshaamua ndefu.

Jumapili jioni, hapa kwangu Suna, mvua ikashuka kama imetumwa. Stima ikapotea. Nikawasha taa ya mafuta, nikasikia hodi. Akaingia mwanamke kijana, gauni la maua la zamani, kitambaa kichwani. Akaketi kwenye kiti cha marehemu mzee wangu bila kuambiwa.

"Nyathina, umezeeka," akaniambia.

Nyathina! Yaani mtoto wangu! Mimi, na mvi hizi zote?

"Wewe msichana, unaniita mtoto wako? Kwani mama yako hakukufunza adabu?"

"Alinifunza," akasema, akitabasamu tu. Kisha akamgeukia Adhiambo. "Wewe ndiye wa picha. Nipige. Sijawahi kupigwa."

Siku hizi nani hajawahi kupigwa picha? Hata mbuzi wangu yuko kwenye simu ya mtu.

Adhiambo akachukua ile ndefu. Ikavuma mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama nzi ndani ya chupa. Ilipokubali, picha ikatoka kama moshi mtupu, haina uso. Akataka kuwasha taa ya kamera.

"Usinimulike," mgeni akasema. Hakusema kwa ukali, lakini Adhiambo akaiacha. "Sogea tu. Mimi si ndege, sitaruka."

Adhiambo akaweka ile fupi. "Lakini humu ndani miguu haitaingia, mama, unisamehe."

Uelewe, huku kwetu ukimkata mtu miguu kwenye picha anaweza kukataa kulipa. Ukutani kwangu wote wamesimama wima, mikono chini, viatu vinang'aa. Wote, isipokuwa mama yangu mzazi. Yeye hakuwa ukutani kabisa. Alikufa nikiwa bado natambaa, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Nimezaa, nimezika mume, nimezeeka, na sura ya mama yangu nilikuwa siijui.

Basi nilitarajia mgeni alalamike. Akasema, "Miguu wacha. Sina viatu. Chukua uso."

Adhiambo akasogea, akasogea, mpaka wakawa kama watu wanaonong'onezana. Akabonyeza mara moja. Nikachungulia kile kioo cha nyuma. Wee! Taa moja ya mafuta, na uso wote ulikuwa pale: mwanga ndani ya macho, kovu dogo juu ya nyusi, na nyuma yake giza laini kama masizi.

Mgeni akajiangalia muda mrefu. "Kumbe niko hivi," akasema.

Akasimama aende. Miguu mitupu na mvua ile? Kwangu mtu hatoki hivyo. Nikampa viatu vyangu vya kanisa, vile vyeusi, kimoja fundi alikishona kwa uzi wa bluu. Vikamtosha kama alipimiwa. Akanigusa shavu. Watu huniuliza kama mkono ulikuwa baridi. Hapana. Ulikuwa na joto.

Alipotoka, Adhiambo akamulika sakafu kwa simu. Nje matope yalikuwa kama uji. Ndani, pale alipopita, pakavu. Hata alama moja haikuwepo.

Jumatatu tulirudisha ndefu. Picha tukaisafisha kwenye karatasi, nikaipeleka Homa Bay kwa kaka yangu mkubwa Ouma, pale tulipozaliwa. Sikumwambia neno. Akaishika, akaisogeza karibu na macho.

"Dada, mama umempata wapi?"

"Mama gani?"

"Kwani tuna wangapi? Hilo kovu ni la jembe. Nilikuwepo."

Nikakaa chini, mchangani, kama mtoto. Ouma akafuta macho. "Basi njoo uone kitu. Mimi nilidhani ni watoto wanacheza."

Akanipeleka kando ya nyumba, kaburini kwa mama. Viatu vyangu vilikuwa hapo, vimepangwa sambamba kama vya mtu aliyeingia kulala. Uzi wa bluu ule ule. Sasa niambie wewe, kutoka Suna mpaka huko, mwendo wa gari, nani alivileta?

Sikuvichukua. Ni vyake. Kanisani naenda na malapa, na anayetaka kucheka acheke. Mama yuko ukutani, mdogo kuliko mimi, na sasa najua hii pua niliitoa wapi. Adhiambo naye hapumziki, watu wanamletea mama zao na nyanya zao: "Tupigie ile ya uso." Ile ndefu atainunua siku yake ikifika.

Kwa hivyo wewe unayetafuta lenzi ya kwanza, usidanganywe na urefu kama mimi. Chukua ile itakayokulazimisha kumkaribia mtu. Na mgeni akija na mvua, kijana, akuite mtoto wake, usimgombeze. Angalia miguu yake, kisha ukamtafutie viatu.